Jimbo la Loughborough: kila serikali ikibadilika nao wamo. Wajanja au bendera fuata upepo?

#1 Kipanga Mhamiaji
Wakuu, salama?

Naishi Loughborough, mji wa soko kati ya Leicester na Nottingham huku Uingereza, mwaka wa tano sasa. Nalea wazee, zamu za usiku. Asubuhi nikishalala masaa manne usingizi unakata, naenda kuzurura sokoni, Alhamisi na Jumamosi. Ndizi bakuli pauni moja, soksi jozi tano, na katikati ya uwanja sanamu ya jamaa wa shaba amekaa uchi, kavaa soksi moja na jani la kujisitiri. Hiyo ndiyo fahari ya mji, walikuwa wafumaji wa soksi.

Sasa mada. Juni 2024 mama mmoja mwenye ua la utepe kifuani aligonga mlango wangu, akauliza kama chama chake kinaweza kuhesabu kura yangu. Nikamwambia mama yangu, mimi Mtanzania. Akasema, "Basi unapiga kura." Nilidhani ananitania. Kwenda kuangalia, kumbe kweli: raia wa nchi ya Jumuiya ya Madola anayeishi hapa kihalali anapiga kura ya ubunge. Nikajiandikisha. Tarehe 4 Julai nikaenda.

Tangu siku hiyo nafuatilia. Nimeambiwa jimbo hili halijawahi kukosea tangu 1955: chama kinachoshika nchi ndicho wanachokichagua wao. Kwetu nilikokulia, jimbo ni la chama kilekile tangu babu yangu hajaota mvi. Hawa wenzetu wanajuaje? Nimemuuliza bibi jirani yangu, ana miaka themanini na kitu, kazaliwa mtaa huuhuu. Kila nikigusa habari ya kura ananiuliza kama nimekula.

Wajanja, au bendera fuata upepo? Nawasilisha.

#2 Mama Shughuli
Kabla hatujafika kwenye kura tufundishe kulitamka hilo jina. Nimejaribu mara tatu, ulimi umegoma. Lougoborougo?

#3 Kipanga Mhamiaji
Lafbara. "Gh" ya kwanza ni f, ya pili haitamkwi kabisa.

#4 Mama Shughuli
Yaani neno moja, gh mbili, na kila moja ina msimamo wake. Halafu unashangaa wapigakura kuyumba.

#5 Bwana Takwimu
Mleta mada, nani kakudanganya 1955? Mwaka huo Loughborough ilimpa John Cronin wa Labour, daktari wa upasuaji, wakati nchi imechukuliwa na Conservative wa Anthony Eden. 1959 wakampa tena Cronin, Macmillan wa Conservative yuko madarakani. 1970 Cronin tena, na Edward Heath wa Conservative anaingia. Hayo makosa matatu.

Mfululizo unaanza Februari 1974. Toka hapo ni Cronin hadi 1979, Stephen Dorrell wa Conservative kuanzia 1979 (aliingia na miaka 27, mdogo kuliko wabunge wote), Andy Reed wa Labour 1997, Nicky Morgan wa Conservative 2010, Jane Hunt wa chama hichohicho 2019, na Jeevun Sandher wa Labour 2024. Chaguzi 14 bila kukosa. Ukirusha shilingi mara 14 nafasi ya kupatia zote ni moja kwa 16,384. Siyo bahati hiyo.

#6 Msomaji Kimya
Huwa nasoma tu, ila hapa nimeshindwa. Takwimu, makosa ni manne, umesahau 1951. Churchill wa Conservative alirudi madarakani na Loughborough ilikuwa bado na Labour, mbunge akiitwa Mont Follick.

Na Mama Shughuli utampenda huyu. Follick alikuwa mbunge wa Loughborough 1945 hadi 1955, na jambo lililomkera maishani ni tahajia ya Kiingereza. Alitaka maneno yaandikwe yanavyotamkwa. Mwaka 1949 alipeleka muswada bungeni, ukaanguka kwa kura 87 dhidi ya 84. Mbunge wa Lafbara, jamani.

#7 Mama Shughuli
Kura tatu tu! Nimemlilia. Angeshinda huyo baba leo tungekuwa tunajadili kwa amani.

#8 Mtu wa Ziwa
Habari wadau. Mimi ni Mkenya, nimesoma hapo chuo kikuu, nilipiga kura 2017. Jibu ni rahisi: wanafunzi. Mji wenyewe una watu elfu sitini na kitu, na chuo kina maelfu kwa maelfu ya wanafunzi. Wakijitokeza, jimbo linatikisika. 2015 Nicky Morgan, aliyekuwa Waziri wa Elimu, alishinda kwa tofauti ya kura 9,183. 2017 uchaguzi ukaangukia tarehe 8 Juni, tuko kwenye mitihani, tofauti ikashuka hadi 4,269. Pale bwenini kwetu watu walitoka kupiga kura na kandambili miguuni, kalamu za mtihani mfukoni.

#9 Dereva wa M1
Ziwa kaka, nakuheshimu ila hiyo nadharia ina tundu. 2010 uchaguzi ulikuwa tarehe 6 Mei, wanafunzi wote wapo. Labour ikashindwa. 2024 ulikuwa tarehe 4 Julai, wanafunzi wameshafunga mabegi, vyumba vitupu. Labour ikashinda. Kama wanafunzi ndio wenye jimbo, mbona likienda Labour wao hawapo?

#10 Mtu wa Ziwa
Kura za posta.

#11 Dereva wa M1
Buda, mwanafunzi wa miaka 19 akumbuke kuomba kura ya posta kabla ya likizo? Wewe ulisahau hata kurudisha funguo ya chumba, ulisimulia kwenye uzi mwingine.

#12 Mtu wa Ziwa
Hiyo funguo tuiache.

Lakini kuna jambo hamlijui. Zamani vyuo viliweza kuandikisha bweni zima kwa mkupuo. Kuanzia 2014 kila mtu akatakiwa ajiandikishe mwenyewe. Mwanafunzi anaruhusiwa kuwa kwenye daftari la kwao na la chuoni pia, ila kura ya ubunge ni moja, achague atakapoipigia. Basi nguvu ya wanafunzi inapanda na kushuka kufuatana na kalenda na uvivu. Ndiyo maana jimbo halitulii.

#13 Pemba Moja
Hebu turudi kwa mleta mada. Kakiri hapa hadharani kwamba kapiga kura ya nchi ya watu. Wino wa kidole je? Ulipakwa?

#14 Kipanga Mhamiaji
Hakuna wino mkuu. Kituo kilikuwa ukumbi wa kanisa, kinafunguliwa saa moja asubuhi hadi saa nne usiku. Foleni hakuna. Mbwa amefungwa mlangoni anamsubiri bosi wake. 2024 ndiyo ilikuwa mara ya kwanza kwa uchaguzi mkuu kudai kitambulisho chenye picha, na pasipoti ya nchi ya Jumuiya ya Madola inakubalika. Nikatoa yangu ya Tanzania. Dada wa mezani aliishika kwa mikono miwili, akaitazama picha, akanitazama mimi, kisha akaweka rula chini ya jina langu kwenye daftari na kulikata kwa mstari ulionyooka kabisa. Karatasi nikapewa. Ndani ya kibanda cha mbao kuna penseli imefungwa kwa uzi.

#15 Pemba Moja
PENSELI?

#16 Kipanga Mhamiaji
Penseli.

#17 Pemba Moja
Basi mada imefungwa. Mnajadili wanafunzi na soksi, kumbe kuna watu wana kifutio.

#18 Bwana Takwimu
Ukitaka unaenda na kalamu yako, haikatazwi. Na mawakala wa vyama wanasimama mezani kura zikihesabiwa, wanakodoa macho usiku kucha.

#19 Pemba Moja
Mawakala. Haya.

#20 Jinja Hadi Leicester
Vijana, hamjambo. Mimi si mtu wa kuandika sana. Nilizaliwa Jinja, Uganda, Mhindi wa Kigujarati. Kiswahili nilijifunza dukani kwa baba. Agosti 1972 Amin alitupa siku 90. Halmashauri ya Leicester ikatoa tangazo kwenye gazeti la Uganda Argus ikituambia tusije, mji umejaa. Sisi tuliposoma tukasema, kumbe kule wako wenzetu wengi, twendeni. Ndivyo tulivyofika. Baadaye baba akapata zamu ya usiku kwenye kiwanda cha kufuma Loughborough, tukahamia huko.

Mnasema habari ya wanafunzi. Mimi nitawaambia habari ya nyumba yetu. Baba alipiga kura Conservative mpaka anakufa, kwa sababu Heath ndiye aliyetufungulia mlango. Mjomba wangu aliyetoka Nairobi alikuwa na hasira na Labour, maana serikali ya Labour ya Harold Wilson ndiyo iliyopitisha sheria ya 1968 ya kuwazuia Wahindi wa Kenya wenye pasipoti za Kiingereza. Lakini shangazi, kazi ya kiwandani, mwanachama wa chama cha wafanyakazi, yeye Labour tupu. Diwali wote kwenye meza moja. Kila mwanasiasa aliyekuja kututembelea aliondoka akidhani nyumba ni yake, kwa sababu mama alimlisha vizuri.

#21 Kipanga Mhamiaji
Shikamoo Mzee. Hii ndiyo JamiiForums niliyoizoea zamani.

#22 Mama Shughuli
Shikamoo Mzee wangu. Na wewe mwenyewe ulimpigia nani?

#23 Jinja Hadi Leicester
Marahaba. Mama alinifundisha kulisha wageni tu, hakunifundisha kujibu hilo.

#24 Dereva wa M1
Mzee kagusa penyewe. Wengi mnasema "Loughborough" mnafikiri ni mji tu. Mimi naishi Shepshed, upande wa pili wa barabara kuu ya M1, na huku ni jimbo hilohilo. Watu wa Shepshed ukiwaita wa Loughborough wananuna. Halafu kuna vijiji vya bonde la mto Soar, Barrow na Quorn. Quorn mnaijua? Ile nyama isiyo nyama madukani, inayotengenezwa kwa kuvu, imechukua jina la kijiji hicho, na kijiji chenyewe jina lake limebebwa miaka mingi na kundi maarufu la kuwinda mbweha kwa farasi. Kijiji kimoja, wawindaji na wala kuvu.

Mimi nilivyoona, mjini kura zinaegemea Labour, vijijini zinaegemea Conservative, na jimbo ni mzani wa hao wawili. Mzani ukikaa sawasawa, upepo kidogo tu wa kitaifa unauangusha upande mmoja. Hakuna cha ujanja. Ni jiografia.

#25 Msomaji Kimya
Naunga mkono ila naongeza ramani. Mwaka 1997 mipaka ilichorwa upya. Vijiji kadhaa vya Conservative vikaingizwa kwenye jimbo jipya la Charnwood, Dorrell akavifuata, akashinda kwa raha zake. Loughborough iliyobaki ikaenda kwa Andy Reed. Sasa niambieni: wapigakura walibadili mawazo, au walibadilishiwa uzio? Kidogo hiki kidogo kile. Mnapolisifu jimbo kwa chaguzi 14 mnasahau kwamba siyo jimbo moja hilo. Jina ni moja, mwili umekatwa na kushonwa upya.

#26 Bwana Takwimu
Hoja nzuri lakini Reed hakubebwa na ramani peke yake. 1997 alishinda kwa zaidi ya kura 5,000, 2001 akazidi 6,000. Kisha 2005 ikaporomoka hadi 1,996. Ramani ileile.

#27 Kidole Wino
Vita vya Iraki hivyo.

#28 Bwana Takwimu
Hapo ndipo patamu. Reed alijiuzulu Machi 2003 nafasi yake ya kumsaidia waziri, kwa kupinga vita hivyo. Wapigakura wakamwadhibu kwa kosa alilolikataa. Na 2010 wakamwondoa kabisa, tofauti 3,744. Kwa hiyo wale wa "mbunge mchapakazi analindwa na jimbo lake" wajipange upya.

#29 Dereva wa M1
Au mbweha. Sheria ya kukataza uwindaji wa mbweha kwa mbwa ilianza Februari 2005, uchaguzi ukawa Mei. Vijiji vyenye farasi havikusahau.

#30 Mama Shughuli
Mbweha ameangusha kura elfu nne? Chai hii ina tangawizi nyingi.

#31 Dereva wa M1
Nimeitupia tu dada, usinipige.

#32 Kidole Wino
Nyie wote mnazunguka. Ni tumbo. Mji wa viwanda ukifa, watu wanatafuta wa kumlaumu, na wa kumlaumu ni aliyekaa kwenye kiti. Ladybird, vile vitabu vidogo vya watoto tulivyosomea Kiingereza baadhi yetu, vilikuwa vinachapwa Loughborough, mitambo ikafungwa mwishoni mwa miaka ya 1990. Viwanda vya soksi vikaisha kimoja kimoja. Machi 2010 AstraZeneca ikatangaza kufunga kituo chake cha utafiti wa dawa hapo, kazi kama 1,200, miezi miwili kabla ya uchaguzi. Halafu mnashangaa Mei Labour wanatoka?

#33 Mtu wa Ziwa
Hiyo ya AstraZeneca ina uzito. Lakini hao waliopoteza kazi, wengi wanasayansi wenye nyumba nzuri vijijini, walikuwa Labour kweli kabla? Isitoshe mji haujafa. Chuo kipo, karakana ya kengele ya Taylor ipo mpaka leo, ndiyo iliyomwaga ile kengele kubwa ya kanisa kuu la St Paul's kule London mwaka 1881. Na garimoshi hadi London ni saa moja na ushee, watu wanaamka Loughborough wanafanya kazi London. Ukitembea pale wala huoni mji wa kilio.

#34 Kipanga Mhamiaji
Kilio kipo ila hakiko barabarani. Kiko sebuleni. Nalea mzee mmoja (jina kapuni) alifanya kazi ya kufuma miaka thelathini. Mikono yake bado inacheza usingizini, kushoto kulia, kama anapitisha uzi kwenye mashine. Redio ikisoma habari za bunge ananiambia nizime.

#35 Mama Shughuli
Kipanga umenigusa bila taarifa. Tuendelee.

#36 Msomaji Kimya
Kwa vile mmeitaja mikono na mashine: huu mji una hasira ya zamani sana. Juni 1816 wafumaji walivamia usiku kiwanda cha lesi cha John Heathcoat wakavunja mashine 55 kwa nyundo. Kesi zikaendeshwa, watu wakanyongwa Leicester. Heathcoat akasusa, akahamisha kiwanda kwenda Tiverton, Devon, mbali kule kusini magharibi mwa nchi, na baadhi ya wafanyakazi wakamfuata. Mimi naona tabia ya jimbo ilianza pale. Hawamwamini mwenye kiwanda na hawamwamini mvunja mashine, maana wote wawili waliwagharimu.

#37 Bwana Takwimu
Mkuu, huwezi kuchukua usiku mmoja wa 1816 ukaeleza kura za 2024. Wajukuu wa wale wamehama, wa Jinja wamekuja, Kipanga kaja na pasipoti ya Tanzania.

#38 Msomaji Kimya
Sijasema inaeleza. Nimesema ilianza. Na sitarudi kimya tena, mmeniudhi.

#39 Mzee wa Lubumbashi
Bonjour wandugu. Mimi niko Leicester, Mkongomani. Naona Watanzania na Wakenya munapiga kura ya Waingereza, hata Munyarwanda anapiga kwa sababu nchi yake iliingia Jumuiya ya Madola 2009. Sisi wa Kongo hapana, na Warundi hapana. Ninalipa kodi sawasawa na Kipanga, tunafanya zamu ileile, yeye anagongewa mlango na mimi ninapitwa. Mama wa utepe alipoona jina langu halimo kwenye karatasi yake akasema asante na kwenda.

#40 Pemba Moja
Na Omani?

#41 Mzee wa Lubumbashi
Omani pia hapana, mpaka upate uraia.

#42 Kipanga Mhamiaji
Pole ndugu yangu. Na hiyo karatasi yao si mchezo. Wanajua kila mlango: huyu wetu, huyu wa wale, huyu hajaamua. Ukiwa "hujaamua" kwenye jimbo kama hili unakuwa bibi harusi. Mimi niliandikwa hivyo, wiki tatu nilipokea vipeperushi mpaka nikaanza kuweka chini ya viatu vyenye matope. Kimoja kilikuwa na chati ya nguzo, chama chao kirefu kama mnara, wengine vibete. Nikachukua rula nikapima. Nguzo hazikulingana na namba zilizoandikwa juu yake hata kidogo.

#43 Bwana Takwimu
Chama gani?

#44 Kipanga Mhamiaji
Sitaki kesi. Vyote vina tabia hiyo.

#45 Kidole Wino
Brexit je, ile kura ya 2016 ya kujitoa Umoja wa Ulaya? Mnaikwepa kwa nini? Halmashauri ya Charnwood, ambayo Loughborough imo ndani yake, ilichagua kutoka, asilimia 53 na kitu, na mbunge Morgan alikuwa upande wa kubaki. Halafu 2017 wakamrudisha yeye yuleyule. Jimbo lina akili gani hapo?

#46 Mtu wa Ziwa
Tofauti na Charnwood nzima, ndani ya jimbo lenyewe mji una chuo, kura ziligawanyika zaidi. Morgan alitembea kwenye uzi. Waziri Mkuu Theresa May alimtoa uwaziri 2016, akaenda kukaa viti vya nyuma, akaisema suruali ya ngozi ya Waziri Mkuu ya pauni 995, ikawa habari ya wiki nzima.

#47 Mama Shughuli
Simama hapo. Suruali ya ngozi pauni ngapi? Hii ndiyo siasa ninayoielewa. Kwa nini mmeificha mpaka posti ya 46?

#48 Mtu wa Ziwa
Dada, 995. Boris Johnson akamrudisha kuwa Waziri wa Utamaduni Julai 2019, lakini uchaguzi wa Desemba hakugombea, moja ya sababu alizotaja ni matusi anayotupiwa. Jane Hunt akashika kijiti, tofauti 7,169.

#49 Bwana Takwimu
Nimekaa nikafikiri, na naomba nijisahihishe mwenyewe kabla Msomaji hajanivaa. Ile hesabu yangu ya shilingi mara 14 ni ya kitoto. Uchaguzi mmoja na unaofuata havijitegemei. Thatcher na Major wa Conservative walikaa toka 1979 hadi 1997, Labour hadi 2010, Conservative hadi 2024. Serikali ikikaa, jimbo halina cha kubahatisha, linakaa tu. Mabadiliko halisi tangu 1974 ni manne: 1979, 1997, 2010, 2024. Loughborough imepatia mara nne. Mara nne! Na kila moja ya hizo upepo ulikuwa mkubwa kiasi kwamba majimbo mengi yalihama pamoja.

Tena hawana rekodi. Dartford, kule Kent, haijakosea tangu 1964, imewazidi miaka kumi.

#50 Dereva wa M1
Ndiyo nilichosema posti ya 24, ila umeweka namba.

#51 Msomaji Kimya
Takwimu, tena Februari 1974 yenyewe ina utata. Conservative walipata kura nyingi nchi nzima, Labour wakapata viti vingi, 301 kwa 297. "Mshindi" hapo ni nani? Ukihesabu kwa kura, Loughborough ilikosea.

#52 Bwana Takwimu
Ukiniacha nilale nitashukuru.

#53 Jinja Hadi Leicester
Nimesoma yote. Bwana Takwimu anasema ni mara nne tu. Sawa. Lakini mimi nilikuwepo mara zote nne, na haikuwa upepo. 1979 kiwandani watu walikuwa wamechoka na migomo, mpaka mjumbe wetu wa chama cha wafanyakazi alinong'ona chooni kwamba safari hii anawapa wale wengine. 1997 muuza mboga aliyewapenda Conservative siku zote alining'inizia karoti mbili kwenye utepe mwekundu, rangi ya Labour, akacheka. Watu waliamua. Mmoja mmoja. Mimi niliwaona wakiamua.

#54 Kidole Wino
Na 2024 Mzee?

#55 Jinja Hadi Leicester
2024 watu hawakucheka. Waliingia, wakatoka. Wengi wa mtaani kwangu waliokuwa wa Conservative walikaa nyumbani au walikwenda Reform, kile chama kipya cha mrengo wa kulia.

#56 Dereva wa M1
Hiyo naithibitisha kutoka Shepshed. Kura za upande ule ziligawanyika mara mbili, Sandher akapita na karibu 5,000 za ziada. Na Mei 2025 kwenye uchaguzi wa kaunti ya Leicestershire Reform ndio waliopata viti vingi kuliko chama kingine chochote, ingawa hawakufika nusu. Kwa hiyo ule mzani wangu wa sahani mbili sasa una sahani tatu. Sijui fundi gani anatengeneza mzani wa namna hiyo.

#57 Mtu wa Ziwa
Nne. Chama cha Kijani kina watu pale chuoni.

#58 Dereva wa M1
Tumerudi kwa wanafunzi. Nilijua.

#59 Mama Shughuli
Kipanga, bibi jirani je? Sisi wengine tumebaki hapa tangu posti ya kwanza kwa ajili ya huyo bibi. Mwenyeji wa mtaa huo maisha yake yote, amepiga kura zote hizo. Muulize moja kwa moja: mnajuaje?

#60 Kipanga Mhamiaji
Kesho nikitoka zamu nampitia.

#61 Pemba Moja
Muulize na penseli.

#62 Kipanga Mhamiaji
Mrejesho wakuu. Nimempelekea ndizi za sokoni, bakuli zima. Nikamwambia kuna watu wa Dar, Pemba, Kisumu na Lubumbashi wanataka kujua jimbo lake linafikiria nini. Akacheka mpaka akashika kiti. Penseli nayo akaniambia yeye ana yake, anakwenda nayo kwenye mkoba miaka yote, akanionyesha: fupi kama kidole gumba, imechongwa kwa kisu.

Nikasema sasa ndiyo muda. Nikamuuliza: bibi, 2024 ulimpa nani?

Akachungulia dirishani, akaniambia malori ya taka yanapita kesho asubuhi, nisisahau kumtolea pipa.

#63 Mama Shughuli
Umelitoa?

#64 Kipanga Mhamiaji
Nimelitoa.